Kiti Laini cha Bi Chaki

Fundi Sponji alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kupita karibu na kiti bila kukikagua. Akialikwa kwa watu, kabla hajaketi atabonyeza mto kwa kidole gumba, atapapasa chini ya mkono wa kochi kutafuta mshono, na akiukuta umekwenda upogo atasikitika kama aliyeletewa habari za msiba. Wenyeji walishamzoea. Wengine walisubiri aondoke ndipo waulizane, "Amesemaje kuhusu makochi yetu?" Kutengeneza makochi na kuyavisha upya yaliyochakaa ndiyo kazi aliyoifanya tangu ujana, na jina la Sponji alipewa na wateja, kwa kuwa hakuna fundi aliyejaza sponji kwa ukarimu kama yeye. Ukikaa kwenye kochi lake unazama, na siku ya kuinuka utaijua mwenyewe.

Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Miaka ishirini na sita alifundisha darasa hilo hilo, akikataa kupandishwa hata la pili. Wanafunzi wake, pamoja na wale ambao sasa wana ndevu, walimwita Bi Chaki, maana hawakukumbuka siku waliyomwona bila vumbi jeupe kwenye mkono wa gauni. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye sauti ya kufika mpaka ofisi ya mwalimu mkuu bila kupiga kelele. Watoto wao walikuwa wakubwa, wana miji yao, na nyumbani walibaki wao wawili pamoja na makochi manne ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Ajali yenyewe ukiisikia utacheka. Ilikuwa wiki ya kwanza ya likizo ndefu, wametoka kumpelekea mteja kochi lake kwa pikapu kuukuu ya Fundi, na foleni ya magari ilikuwa inatambaa. Upande wa kushoto, kando ya barabara, ukapita mkokoteni umebeba kochi jekundu jipya.

"Mama watoto, hebu ona mshono ule!" Fundi akapaza sauti. "Hebu geuka uone! Watu hawana haya!"

Bi Chaki akageuza shingo yote kushoto. Fundi naye akageuza yake. Na hapo wakiwa wote wawili wanahuzunikia mshono wa watu, teksi iliyokuwa mbele yao ikasimama, na pikapu ikaigonga kwa nyuma, ko! Mwendo ulikuwa wa mtu anayetoka sokoni na kikapu. Dereva wa teksi alishuka, akapitisha kiganja kwenye bampa, akaona rangi imechubuka kidogo tu. "Mzee, macho mbele," akasema, akaenda zake. Mpaka jioni ile mume na mke walikuwa bado wanaicheka ajali yao.

Asubuhi Bi Chaki hakuweza kugeuza kichwa. Maumivu yalianzia nyuma ya sikio la kushoto, yakashika bega, yakateremka katikati ya mgongo mpaka kiunoni na kuweka kambi hapo. Alijaribu kuvaa gauni peke yake, akashindwa kuinua mkono, akamwita mumewe. Fundi alipomkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, gauni limekwama kichwani, cheko lote la jana lilimtoka.

Hospitali alipigwa picha ya eksirei, na daktari akasema hakuna mfupa uliovunjika. Gari likisimama ghafla, alieleza, mwili unashikwa na kiti lakini kichwa kinataka kuendelea na safari, na misuli ya shingo ndiyo inayokirudisha nyumbani. Kama shingo ilikuwa imegeuka, inaumia zaidi. Akampa vidonge vya maumivu, kola ya shingo ya kuvaa siku chache, na karatasi ya kwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki. Fundi alisikia maneno yote, lakini yaliyomkaa ni yale ya shingo iliyogeuka.

Mtaalamu wa viungo alikuwa binti mfupi mwenye vidole vigumu. Alimlaza Bi Chaki kwenye kitanda cha mbao, akamshika shingo, akabonyeza, na Bi Chaki akapiga ukelele. Fundi, aliyekuwa pembeni amekumbatia mkoba wa mkewe, akaruka.

"Basi, binti, basi! Unamvunja!"

"Simvunji, mzee. Misuli imekaza, lazima ifunguliwe."

Fundi hakutaka kusikia. Alimchukua mkewe akamrudisha nyumbani, na walipotakiwa kurudi tena akasema pikapu ina hitilafu. Mara iliyofuata akasema vivyo hivyo. Pikapu haikuwa na hitilafu yoyote, ila mwenye pikapu moyo ulimsuta, na hakuwa tayari kumwona mkewe akiumizwa mara ya pili.

Wiki ile ile mwalimu mkuu alikuja kumjulia hali. Alikunywa chai, akatoa pole, kisha akasema lililomleta. Darasa la kwanza lina watoto hamsini na wawili, na mwalimu wake lazima awe mtu wa kusimama, kuinama na kuzunguka. "Mwalimu mwenzangu, shule ikifunguliwa uniletee barua ya hospitali kwamba unaweza, na darasa ni lako. Ikishindikana, nitakuweka stoo ya vitabu mpaka ustaafu. Huko utakaa, hutasumbuliwa na mtu."

Alipoondoka, Bi Chaki alisukuma kikombe chake kando. "Vitabu," akasema. "Nikae na vitabu siku nzima, na hakuna hata kimoja kitakachoniomba ruhusa ya kwenda chooni."

Alitania, lakini Fundi alimjua mkewe. Bila lile darasa angenyauka. Siku hiyo alienda karakana yake akiwa na nia moja tu kichwani: mwanamke huyu atapona, na atapona kwa mikono ileile iliyoshika usukani. Tena alijua namna. Mtu akiumia anahitaji kupumzika, na nani mtaani anayejua kupumzisha watu kuliko Sponji?

Alitengeneza kiti kwa siku tatu, wateja wakisubiri. Alipanga springi chini, akazifunga kwa kamba, akatandaza gunia, juu yake sponji tabaka mbili, juu yake pamba, halafu mahameli ya bluu, rangi ambayo mkewe aliipenda. Mgongo wa kiti aliuinamisha nyuma na kuuwekea kishimo cha kichwa. Majirani walikuja kukitazama kikishushwa, na mama wa nyumba ya pili akauliza, "Shemeji, hiki ni kiti au wodi?"

Bi Chaki aliketi, akazama mpaka magoti yakawa juu kuliko tumbo. Akatabasamu. "Kizuri, baba watoto. Ahsante."

Kuanzia hapo Fundi akawa askari wa zamu. Mkewe hakuruhusiwa kuinama kuokota kijiko, wala kubeba kikombe, wala kufika mlangoni kumfungulia mgeni. "Kaa, mama, kaa!" ndiyo ikawa salamu yake. Kola aliyoambiwa avae siku chache aliendelea kuvikwa wiki ya pili na ya tatu, kwa sababu Fundi aliona inamshika vizuri. Alipika yeye, wali ukaungua, wakala. Na kila jioni alipouliza, "Mgongo unasemaje?" Bi Chaki alijibu kwamba haujambo, huku rangi ya uso ikisema mengine. Alikuwa haponi. Akiinuka kitini alishikilia mkono wa kiti kwa mikono miwili na kuuma meno.

Mtu mwingine angekishuku kiti. Fundi Sponji alichofikiri ni kwamba hajakilainisha vya kutosha. Akakirudisha karakana, akaongeza tabaka la tatu. Hali ikazidi. Akalegeza springi. Bi Chaki sasa alikuwa akikaa anaonekana kichwa na vidole vya miguu. "Kizuri zaidi," alisema, na Fundi akaenda kazini akipiga mluzi.

Wiki nne za likizo zilikuwa zimekwisha, zimebaki nne, alipoamua kuongeza tabaka la nne. Asubuhi moja akiwa kazini alikumbuka hakuchukua vipimo vya bega la mkewe, akarudi nyumbani kwa miguu, maana pikapu ilikuwa imezibwa njia na lori la mbao. Alisukuma mlango bila kubisha. Kiti kilikuwa kitupu.

Bi Chaki alikuwa amelala chali sakafuni, juu ya mkeka, taulo limekunjwa chini ya shingo, miguu ameiweka juu ya stuli. Kola ameitupa pembeni. Macho ameyafumba, na uso wake ulikuwa na utulivu ambao Fundi hakuuona tangu siku ya teksi.

"Mama watoto! Umeanguka?"

Bi Chaki alifumbua macho. "Nilikuwa... natafuta sindano," akasema.

"Ukiwa chali?"

Walitazamana. Kisha Fundi akaliona lile taulo jinsi lilivyokunjwa kwa ustadi, na stuli ilivyowekwa kwa kipimo, na akaelewa kwamba si mara ya kwanza. Akavuta mkono wa kiti cha mahameli ili akae, akabadili nia, akaketi sakafuni kando ya mkewe.

"Tangu lini?"

"Tangu kiti cha kwanza." Bi Chaki alisema polepole, akitazama dari. "Ukiondoka tu nalala hapa. Nikisikia pikapu inakohoa kule kona, naingia kitini. Leo hukuja na pikapu."

"Na kiti?"

"Kinanikunja, baba watoto. Nikikaa humo kiuno kinazama, shingo inasukumwa mbele, na kutoka ndiyo kazi ya kuita jeshi. Kila ukikiongezea sponji nami naongezewa maumivu."

"Sasa mbona unasema kizuri? Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa unaniangalia nikikaa, macho yamekutoka kama mwanafunzi anayesubiri daftari lake lisahihishwe. Nilishindwa kukuwekea mkasi wa kosa."

Fundi alitazama mikono yake. Maneno aliyokaa nayo mwezi mzima yakamtoka yenyewe. "Mimi ndiye niliyekuumiza. Ningetazama mbele, ungekuwa mzima. Na nilikwambia ugeuke. Mimi mwenyewe nilikwambia geuka."

"Miaka thelathini unanionyesha viti barabarani," Bi Chaki akasema, "na miaka thelathini nageuka. Nani amewahi kunilazimisha? Mimi viti sivijui. Huwa napenda kuiona sura yako ukiuona mshono mbaya." Alicheka, mgongo ukamshika, akaacha. Kisha machozi yakaanza kumtiririka kuelekea masikioni, na kwa kuwa alikuwa amelala chali hakuweza kuyaficha. "Lakini zimebaki wiki nne. Sitaki stoo, baba watoto. Nataka watoto wangu. Nirudishe kwa yule binti. Niumie, nipige kelele, lakini nirudishe."

Walienda mchana ule ule. Lori la mbao halijaondoka, wakachukua teksi, na Fundi akamwomba dereva aende kama amebeba mayai. Binti wa viungo alimsalimu, "Shikamoo, mzee. Pikapu imepona?" Fundi akaitikia marahaba huku anatazama viatu vyake.

Binti alimpima Bi Chaki kila upande, akauliza siku nzima anakaaje. Fundi ndiye aliyejibu. Alianza kukieleza kiti kwa fahari, springi, gunia, tabaka tatu, na kadiri alivyoendelea sauti ikazidi kushuka, maana binti alikuwa ameacha kuandika na kumkodolea macho.

"Mzee, hicho kiti ni cha mtu mzima wa afya, aliyeshiba, siku ya Jumapili," akasema kwa upole. "Huyu mama misuli yake imelala mwezi mzima. Kola ilikuwa ya siku chache. Anatakiwa atembee, ainuke, abebe kikombe chake. Na shingo inatakiwa isukumane na kitu mpaka ipate nguvu. Nitakufundisha. Wewe ndiye utakayekuwa hicho kitu."

Hapo ndipo Fundi alipoona taabu. Zoezi lenyewe lilikuwa rahisi kulieleza: mke ameketi wima, mume anaweka kiganja kwenye paji la uso, mke anasukuma kwa kichwa, mume anakataa kusukumwa, wanahesabu mpaka kumi. Kisha upande wa kulia, upande wa kushoto na kisogoni. Lakini yeye mikono yake ilizoea vitu vinavyobonyea. Asubuhi ya kwanza nyumbani aligusa paji la uso la mkewe kama anagusa rangi mbichi.

"Hiyo ni nini?" Bi Chaki akauliza. "Unanipima homa? Kaza mkono!"

Akakaza. Bi Chaki akasukuma kwa nguvu zake zote, mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na Fundi akahisi jinsi nguvu hizo zilivyo chache. Kifaranga angesukuma zaidi. Akataka kuachia, amkumbatie, amrudishe kulala. Alihesabu mpaka kumi, mkono haukutoka.

Wakafanya asubuhi, adhuhuri na jioni. Adhuhuri Fundi alifunga karakana na kurudi, wateja wakalalamika, akawaacha walalamike. Kile kiti cha mahameli alikibomoa mwenyewe, akitoa msumari mmoja mmoja, na Bi Chaki alimkataza mama wa nyumba ya pili asitie neno. Badala yake akatengeneza kingine kwa kipimo cha binti wa viungo: mgongo wima, kikalio cha ubao, sponji nyembamba ya kuona haya. Kilikuwa kiti kibaya kuliko vyote alivyowahi kutengeneza. Wageni walikikalia na kukumbuka ghafla kwamba wana safari. Fundi alikificha nyuma ya pazia kila mteja alipokuja nyumbani, na Bi Chaki alikitoa na kukikalia kama malkia.

Haikuwa njia nyoofu. Wiki ya pili ya mazoezi maumivu yalirudi kwa kishindo, Bi Chaki akalala siku mbili, akamfokea mumewe, akaifokea chai, akasema bora hiyo stoo. Fundi alimwacha aseme. Siku ya tatu alikaa mbele yake, akaweka kiganja kwenye paji la uso, akasubiri. Bi Chaki alimtazama kwa hasira, kisha akasukuma, na safari hiyo mkono wa Fundi ulisogea. Ulisogea kidogo tu, lakini wote wawili waliuona. Walisahau hata kuhesabu.

Siku mbili kabla ya shule kufunguliwa walienda kuomba barua. Binti wa viungo alimsimamisha Bi Chaki kwa muda wa vipindi viwili, akamwambia aandike ukutani kwa kidole, ainame, ainuke, ageuke kulia. Kulia kichwa kilienda vizuri. Kushoto kilifika nusu, kikakwama.

Bi Chaki akamtazama binti.

"Kushoto kutarudi, lakini taratibu, huenda miezi," binti akasema. "Kwa sasa, mama, ukitaka kuona kushoto geuka mwili mzima. Usilazimishe shingo." Kisha akachukua kalamu, akaandika kwamba mwalimu huyu anaweza kusimama na kufundisha, asibebe mizigo mizito. Akagonga mhuri. Bi Chaki aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye sidiria, mahali ambapo hata mwizi angeona aibu kuitafuta.

Siku ya kufungua shule Fundi alimsindikiza mpaka getini. Alikuwa amebeba mkoba wa mkewe, kama alivyoubeba tangu ajali, na alikuwa amekwisha kupanga kuubeba mpaka darasani, auweke mezani, achungulie na kiti cha mwalimu kikoje.

Getini Bi Chaki alisimama. "Nipe mkoba wangu."

"Una vitabu humo."

"Una vitabu viwili na boksi la chaki. Binti amesema nibebe vyepesi. Nipe, baba watoto."

Fundi aliupima mkoba mkononi, akampa. Bi Chaki akautundika begani, bega la kulia, akaingia. Watoto wadogo wenye sare mpya walikuwa wametapakaa uwanjani, wengine wanalia, wengine wameng'ang'ania sketi za mama zao, na wawili wakajikuta wamemshika Bi Chaki gauni bila hata kumjua. Alitembea nao polepole, amenyooka. Fundi alibaki nje ya geti, upande wa kushoto wa njia, akijiambia kwamba mkewe hatageuka, hawezi kugeuka, na kwamba hilo halina neno, mradi anatembea.

Karibu na mlango wa darasa Bi Chaki alisimama. Akaweka mkoba chini. Akaanza kuzunguka mwili mzima, mguu baada ya mguu, kama watu wanaopitisha kabati mlangoni, na wale watoto wawili waliomshika gauni wakazunguka pamoja naye, mpaka wote watatu wakawa wameelekea getini.

"Bado upo?" akaita, kwa ile sauti ya kufika ofisini. "Nenda kazini!"

Fundi alipunga mkono. Bi Chaki akampungia. Kisha akaanza kuzunguka tena, pamoja na watoto wake, kuelekea darasani.